Gilbert Newton Lewis na Elektroni za Ganda la Nje

Utangulizi

Mtahiniwa, mada ya bondi za kemikali huwapotezea wanafunzi wengi alama kwa sababu moja: wanaikariri. Wanakariri kwamba valensi ya sodiamu ni 1, ya oksijeni ni 2, ya naitrojeni ni 3. Swali likija na elementi ambayo hawakuikariri, wanabaki mikono mitupu. Sura hii inakupa njia nyingine. Utasoma maisha ya Gilbert Newton Lewis, mwanakemia wa Marekani aliyetuonyesha kwamba valensi inahesabiwa. Ukijua elektroni ngapi ziko katika ganda la nje la atomu, unaweza kusema itajiunga na nani, kwa njia gani, na kwa uwiano gani.

Mifano ya sura hii imechukuliwa Dongobesh, wilayani Mbulu, na katika wilaya jirani ya Hanang, mkoani Manyara. Chumvi, maji, hewa na mashamba ya huko yanafuata kanuni zile zile alizozichora Lewis. Mtihani wako wa Kemia utauandika kwa Kiingereza, lakini jambo ukishalielewa vizuri kwa lugha yako, maneno ya kulieleza hayatakusumbua.

Kumbuka kabla ya kuendelea

Atomu ina kiini chenye protoni na nyutroni. Elektroni zinalizunguka kiini katika maganda. Ganda la kwanza hubeba elektroni 2, la pili hubeba 8, na kwa elementi 20 za kwanza, ambazo ndizo unazozihitaji, ganda la tatu unalihesabu hadi 8. Elektroni za ganda la mwisho huitwa elektroni za valensi. Jikumbushe mipangilio hii:

Heliamu: 2
Naitrojeni: 2:5
Oksijeni: 2:6
Florini: 2:7
Neoni: 2:8
Sodiamu: 2:8:1
Klorini: 2:8:7
Argoni: 2:8:8

Utairudia mipangilio hii mara nyingi katika sura hii.

Utoto na masomo

Lewis alizaliwa mwezi Oktoba 1875 huko Weymouth, katika jimbo la Massachusetts. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, mwaka 1884, familia yake ilihamia Lincoln, mji wa jimbo la Nebraska, nchi ya mbuga na mashamba. Alijua kusoma akiwa na miaka mitatu, na kwa muda mrefu alifundishwa nyumbani na wazazi wake badala ya kwenda shule. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Nebraska, kisha mwaka 1893 akahamia Chuo Kikuu cha Harvard. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1896 na ya udaktari mwaka 1899, akiwa bado hajatimiza miaka 24.

Baada ya hapo alikwenda Ujerumani, ambako Kemia ilikuwa imepiga hatua kubwa kuliko kwingine, akafanya kazi na wanakemia mashuhuri wawili, Wilhelm Ostwald na Walther Nernst. Aliporudi Harvard alipewa kazi ya kufundisha wanafunzi wanaoanza. Ni katika kazi hiyo ya darasani ndipo wazo lake kubwa lilipozaliwa.

Swali la darasani, mwaka 1902

Angalia hali ilivyokuwa. Elektroni ilikuwa imegunduliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, miaka mitano tu iliyopita. Kiini cha atomu kilikuwa bado hakijajulikana. Hicho kilikuja na Ernest Rutherford mwaka 1911. Jedwali la elementi la Mendeleev lilikuwepo, na kila mwalimu alijua kwamba elementi za kundi moja zina tabia zinazofanana. Jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza ni sababu. Kwa nini sodiamu hujiunga na klorini moja moja? Kwa nini tabia zinajirudia kila baada ya elementi nane? Mwalimu aliwaambia wanafunzi kwamba ndivyo ilivyo, nao wakakariri.

Lewis alitaka kuwapa wanafunzi wake picha. Mwaka 1902 alichora kwenye karatasi atomu zenye umbo la mchemraba, kama boksi lenye kona nane. Katika kila kona aliweka nafasi ya elektroni moja. Elementi ya kundi la kwanza ilikuwa na kona moja iliyojaa, ya kundi la pili kona mbili, na kuendelea hadi kona zote nane kujaa. Boksi likijaa, elementi inayofuata inaanza boksi jipya upande wa nje. Kwa mchoro huo mdogo, kujirudia kwa tabia kila baada ya elementi nane kulipata maelezo: elementi za kundi moja zinafanana kwa sababu zina idadi sawa ya elektroni za nje.

Gesi zisizojiunga na kitu

Ni nini kilichomfanya Lewis aamini kwamba boksi lililojaa ni hali ya utulivu? Jibu lilitoka kwa mwanakemia mwingine, William Ramsay wa Uingereza. Kati ya mwaka 1894 na 1898 Ramsay na wenzake walitenga argoni, heliamu, neoni, kriptoni na zenoni. Gesi hizi ziliwashangaza watu wote kwa kuwa hazikukubali kujiunga na elementi yoyote iliyojaribiwa. Tunaziita gesi adimu. Isipokuwa heliamu yenye elektroni 2, zote zina elektroni 8 katika ganda la nje. Kwa Lewis, huo ulikuwa ushahidi: atomu yenye ganda la nje lililojaa haina sababu ya kutafuta mwenza.

Mfano wa jambo hili uko karibu na Dongobesh. Miamba ya kale sana ya katikati ya Tanzania ina kiasi kidogo cha uraniamu na thoriamu. Elementi hizo zinapovunjika taratibu, kwa muda wa mamilioni ya miaka, hutoa heliamu. Kwa kuwa ganda la heliamu limejaa, haishikamani na madini yaliyoizunguka. Hubaki gesi huru, na joto la Bonde la Ufa likiifungulia njia, hupanda kupitia nyufa na kutoka pamoja na maji ya chemchemi. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba eneo la Rukwa, kusini-magharibi mwa nchi, lina heliamu nyingi chini ya ardhi. Maeneo ya Ziwa Eyasi na Ziwa Balangida, lililo karibu na Mlima Hanang, nayo yameingizwa katika utafutaji wa gesi hiyo. Heliamu huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri za Selsiasi, ndiyo maana hutumika kupoza sumaku za mashine za uchunguzi hospitalini. Atomu zake hazivutani kwa nguvu hata zenyewe kwa zenyewe.

Zingatia: Heliamu ina elektroni 2 za nje, sawa na magnesiamu. Lakini ganda la heliamu ni la kwanza, na uwezo wake ni 2 tu, hivyo limejaa. Ganda la nje la magnesiamu ni la tatu, na lina nafasi nyingi. Usiangalie idadi ya elektroni peke yake; angalia kama ganda limejaa.

Miaka kumi na nne ya kungoja

Lewis hakuchapisha michoro yake. Wakubwa wa Kemia pale Harvard wakati huo hawakupenda watu wanaokisia umbo la atomu, kitu ambacho hakuna aliyekiona. Aliiweka karatasi yake akaendelea na kazi nyingine. Mwaka 1904 alikwenda Manila, nchini Ufilipino, kusimamia ofisi ya mizani na vipimo. Mwaka 1905 alirudi Marekani kufundisha katika taasisi ya teknolojia ya Massachusetts. Mwaka 1912 alimwoa Mary Sheldon, na mwaka huo huo akahamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuongoza chuo cha Kemia. Huko ndiko alikobaki hadi mwisho wa maisha yake.

Pale Berkeley kila wiki alikusanya walimu na wanafunzi wa shahada za juu katika chumba kimoja. Mmoja alieleza kazi yake, wengine wakamhoji bila kujali cheo. Hoja dhaifu haikupona humo. Katika mazingira hayo Lewis aliirudia michoro yake ya mwaka 1902, akaichunguza upya, na mwaka 1916 akachapisha makala kuhusu atomu na molekuli. Mwaka huo huo, huko Ujerumani, Walther Kossel naye alichapisha maelezo yake ya jinsi ioni zinavyoundwa. Kossel alieleza vizuri atomu zinazopeana elektroni. Lewis aliongeza jambo ambalo Kossel hakulifikia: atomu zinazoshirikiana elektroni.

Njia ya kwanza: kuhamisha elektroni

Chukua chumvi inayovunwa Ziwa Balangida. Maji ya ziwa yakikauka kwa jua, chumvi hubaki juu ya ardhi, watu wakaikusanya. Sehemu yake kubwa ni kloridi ya sodiamu, NaCl.

Sodiamu ni 2:8:1. Ikipoteza elektroni moja, hubaki na 2:8, mpangilio kama wa neoni. Sasa ina protoni 11 na elektroni 10, hivyo imekuwa ioni yenye chaji ya +1. Klorini ni 2:8:7. Ikipata elektroni moja huwa 2:8:8, mpangilio kama wa argoni, na chaji yake ni −1. Ioni zenye chaji tofauti huvutana. Mvutano huo ndio bondi ya ioni.

Hapa wanafunzi wengi huandika kwamba sodiamu inataka kutoa elektroni yake. Atomu haina hamu wala mapenzi. Kuing'oa elektroni ya sodiamu kunahitaji nishati, kilojuli 496 kwa kila moli. Klorini ikiipokea, inarudisha kilojuli 349 tu. Kwa hesabu hiyo peke yake kuna hasara ya kilojuli 147. Hasara hiyo inalipwa ioni nyingi zinapojipanga pamoja na kuvutana kila upande, kwani hapo hutolewa kilojuli zinazokaribia 790 kwa kila moli. Utulivu wa chumvi, basi, hautokani na ganda kujaa peke yake. Unatokana pia na mvutano mkubwa wa ioni. Ndiyo maana chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, na ndiyo maana jiko la kuni halitaiyeyusha kwenye chungu.

Elektroni moja tu hubadilisha kabisa tabia ya kitu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwezi Aprili 1915, gesi ya klorini ilitumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji. Iliunguza mapafu ya askari. Mwaka 1918 Lewis alipelekwa Ufaransa akiwa ofisa wa jeshi la Marekani, akasimamia mafunzo ya kujikinga na gesi za sumu. Atomu ya klorini katika gesi ile na ioni ya kloridi katika chumvi ya mboga zina kiini cha aina moja, chenye protoni 17. Gesi ya klorini huchukua elektroni kutoka kwenye tishu za mwili na kuziharibu. Ioni ya kloridi tayari inayo elektroni ya nane, hivyo haimnyang'anyi mtu kitu.

Lakini usihitimishe kwamba kila ioni haina madhara. Florini, 2:7, ikipata elektroni moja huwa ioni ya floridi. Maji ya baadhi ya visima na chemchemi za Bonde la Ufa, katika mikoa ya Arusha na Manyara, yana floridi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekua kwa kuyanywa hupata meno yenye madoa ya kahawia, na kiasi kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Kuyachemsha hakusaidii. Ioni hazigeuki mvuke pamoja na maji. Maji yakipungua, floridi huzidi kuwa nzito ndani ya sufuria. Njia mojawapo inayotumika nchini ni kuyapitisha maji kwenye mkaa wa mifupa, ambao hunasa ioni za floridi.

Njia ya pili: kushirikiana elektroni

Sasa tazama maji yenyewe. Hidrojeni na oksijeni zote si metali. Hakuna iliyo rahisi kunyang'anywa elektroni. Lewis alisema kwamba atomu mbili zinaweza kuweka elektroni moja moja katikati, na jozi hiyo ikahesabiwa kwa pande zote mbili. Ni kama majirani wawili wanaochimba kisima mpakani: kisima ni kimoja, lakini kila nyumba ina maji. Hii ndiyo bondi ya kovalenti. Lewis aliionyesha kwa nukta mbili kati ya alama za elementi:

H : H

Oksijeni ni 2:6, hivyo imepungukiwa elektroni 2. Kila hidrojeni imepungukiwa elektroni 1. Oksijeni moja itahitaji hidrojeni mbili, na hapo unapata H₂O bila kukariri. Oksijeni inabaki na jozi mbili ambazo haikushirikiana na mtu. Katika mchoro wako wa nukta na misalaba, usizisahau jozi hizo. Wanaozisahau hupoteza alama.

Naitrojeni yavunja boksi

Mchoro wa mchemraba ulikuwa mzuri. Boksi mbili zikigusana kwenye ukingo, zinashirikiana kona mbili, yaani jozi moja: bondi moja. Zikigusana uso kwa uso, zinashirikiana kona nne, yaani jozi mbili: bondi mbili. Lakini molekuli ya naitrojeni, N₂, ilileta taabu. Naitrojeni ni 2:5, imepungukiwa elektroni 3. Atomu mbili za naitrojeni zinahitaji kushirikiana jozi tatu. Chukua boksi mbili za kiberiti ujaribu kuzigusanisha kwa namna ambayo kona tatu za kila moja zitashirikiana pasipo kona ya nne. Haiwezekani.

Lewis angeweza kuitetea picha yake aliyoipenda kwa miaka kumi na nne. Badala yake, katika makala ile ile ya mwaka 1916, alipendekeza kwamba elektroni nane zikae kwa jozi nne, kila jozi ikielekea kona ya umbo la piramidi lenye pembe nne. Umbo hilo linaruhusu jozi moja, mbili au tatu kushirikishwa. Boksi liliachwa, jozi ikabaki. Leo katika mitihani huchori boksi, unachora jozi.

Bondi hiyo ya jozi tatu ina uzito kwa mkulima wa Dongobesh. Asilimia 78 ya hewa inayopita juu ya shamba lake ni naitrojeni, na bado mahindi yake yanaweza kuwa ya manjano kwa kukosa naitrojeni. Jozi tatu zinazoshikilia N₂ ni imara mno, mizizi ya mahindi haiwezi kuzivunja. Kiwandani, kuiunganisha naitrojeni na hidrojeni ili kupata amonia ya kutengenezea mbolea kunahitaji joto kali, kanieneo kubwa na kichocheo cha chuma. Lakini maharage yana bakteria katika vinundu vya mizizi yake, nao huzivunja jozi hizo kwa joto la kawaida la udongo. Anayepanda maharage pamoja na mahindi anapata sehemu ya kazi hiyo bila kuilipia.

Hesabu kama Lewis

Ukipewa elementi mbili usizozizoea, fuata hatua hizi:

1. Andika mpangilio wa elektroni wa kila atomu.
2. Hesabu elektroni za ganda la nje.
3. Tafuta pungufu au ziada: ngapi zimekosekana kufikia 8 (au 2 kwa hidrojeni), au ngapi zinaweza kutolewa.
4. Amua njia. Metali na isiyo metali: elektroni zinahama. Zisizo metali peke yake: elektroni zinashirikishwa.
5. Tafuta uwiano ambao kila atomu inatosheka, kisha hakiki kwa kuhesabu elektroni zote upya.

Mfano: kaboni na oksijeni. Kaboni ni 2:4, imepungukiwa 4. Oksijeni imepungukiwa 2. Zote si metali, hivyo zinashirikiana. Kaboni moja na oksijeni mbili, kila oksijeni kwa bondi mbili: O=C=O. Hakiki: elektroni za nje ni 4 + 6 + 6 = 16. Elektroni 8 ziko katika bondi, na kila oksijeni ina 4 zisizoshirikishwa. 8 + 4 + 4 = 16. Hesabu imekubali.

Pale kanuni inapokoma

Lewis mwenyewe alijua kwamba kanuni ya nane si sheria isiyovunjika. Hidrojeni hutosheka na 2. Boroni katika BF₃ ina elektroni 6 tu, na ndiyo maana iko tayari kupokea jozi kutoka kwa amonia. Oksidi ya naitrojeni, NO, ina elektroni 11 za nje, namba witiri, hivyo haiwezekani zote zikae kwa jozi. Lewis aliona kwamba jozi ni jambo la msingi zaidi kuliko nane. Mwaka 1923 alitumia wazo hilo kueleza asidi kama kitu kinachopokea jozi ya elektroni na besi kama kitu kinachoitoa. Mwaka huo huo alitoa kitabu chake kuhusu valensi. Ukiulizwa mipaka ya kanuni ya nane, taja mfano mmoja na sababu yake.

Sifa zilizokwenda kwa wengine

Kuanzia mwaka 1919 mwanakemia mwingine wa Marekani, Irving Langmuir, alilitangaza wazo la Lewis kwa ufasaha mkubwa na kulipa majina ambayo tunayatumia bado, likiwemo jina la kovalenti. Watu wengi wakaanza kuliita wazo hilo kwa jina la Langmuir, au kwa majina yao wote wawili, jambo lililomuumiza Lewis. Mwaka 1932 Langmuir alipata Tuzo ya Nobel, kwa kazi nyingine aliyofanya juu ya nyuso za vitu. Mwaka 1933 Lewis alikuwa wa kwanza kutenga maji mazito yaliyo safi, lakini Nobel ya mwaka 1934 ilikwenda kwa Harold Urey, aliyekuwa mwanafunzi wake, kwa kugundua hidrojeni nzito. Lewis alipendekezwa kwa tuzo hiyo zaidi ya mara 30. Hakuipata hata mara moja.

Hata hivyo watu waliopita mikononi mwake Berkeley waliipata. Baada ya Urey walifuata William Giauque mwaka 1949, Glenn Seaborg mwaka 1951, Willard Libby mwaka 1960 na Melvin Calvin mwaka 1961.

Lewis alifariki tarehe 23 Machi 1946, akiwa na umri wa miaka 70, ndani ya maabara yake pale Berkeley, akiwa katikati ya jaribio. Taarifa ilitaja ugonjwa wa moyo. Nukta zake ziko katika kila kitabu cha Kemia utakachofungua, na utazichora mwenyewe siku ya mtihani.

Muhtasari

• Elektroni za ganda la nje ndizo zinazoamua tabia ya kikemikali ya elementi.
• Gesi adimu ni tulivu kwa sababu ganda lao la nje limejaa.
• Bondi ya ioni: elektroni zinahama, ioni zinavutana.
• Bondi ya kovalenti: jozi ya elektroni inashirikishwa na atomu mbili.
• Kanuni ya nane inasaidia sana, lakini ina mipaka.

Maswali ya kujipima

1. Magnesiamu ni 2:8:2. Eleza itakavyojiunga na klorini, na uandike fomula.
2. Fosforasi ni 2:8:5. Tabiri fomula ya kampaundi yake na hidrojeni. Imebaki na jozi ngapi zisizoshirikishwa?
3. Eleza kwa nini heliamu inaweza kutoka ardhini ikiwa gesi huru, lakini sodiamu haipatikani ikiwa peke yake katika maji ya Ziwa Balangida.
4. Mwanakijiji anasema atachemsha maji ili kuondoa floridi. Mshauri, ukitoa sababu ya kikemikali.
5. Kwa nini Lewis aliacha mchoro wa mchemraba? Tumia molekuli moja kueleza.

Mwongozo wa majibu

1. Magnesiamu hutoa elektroni 2, kila klorini hupokea 1: MgCl₂, bondi ya ioni.
2. PH₃; jozi moja.
3. Ganda la heliamu limejaa. Sodiamu ina elektroni moja ya nje ambayo huipoteza kwa urahisi, hivyo hupatikana ikiwa ioni.
4. Floridi ni ioni, haigeuki mvuke. Maji yakipungua, huzidi. Atumie mkaa wa mifupa au atafute chanzo kingine cha maji.
5. Mchemraba hauwezi kuonyesha jozi tatu zinazoshirikishwa katika N₂.